Tangazo la prosesa mpya nalisoma kuanzia chini

Kampuni ikitangaza prosesa itakayotoka mwakani, siangalii kwanza ile asilimia kubwa iliyoandikwa juu. Nashuka hadi kwenye maandishi madogo ya chini kabisa, yale ambayo hayasomeki mpaka uikuze picha. Fanya hivyo nawe. Hapo ndipo wanapotaja walilinganisha na chipu gani, kwa programu ipi, na kila moja ilikula wati ngapi. Usishangae "kasi maradufu" ikawa dhidi ya chipu iliyokwisha zeeka.

Kisha kagua mchoro. Mistari ikianzia 90 badala ya sifuri, kichuguu huonekana mlima.

Nanomita, namba inayotaja mchakato wa kutengeneza chipu, zisikubabaishe. Siku hizi namba hiyo ni jina tu, haipimi kitu halisi ndani ya chipu. Mwaka 2021 Intel iliubatiza upya mchakato wake wa nanomita 10 ulioboreshwa, ukaitwa Intel 7. Na kampuni zinazoshindana hupikiwa jiko moja: sehemu ya kukokotoa ya Lunar Lake, prosesa ya Intel ya 2024, ilitengenezwa na TSMC, kiwanda cha Taiwani kinachotengeneza pia chipu za AMD na Apple.

Gigahezi, kipimo cha kasi ya prosesa, nazo hudanganya. Ryzen 7 5800X3D, prosesa ya AMD ya 2022, ilifikia 4.5, ndugu yake 5800X ilifikia 4.7. Kwenye michezo mingi ya kompyuta, ile ya polepole ndiyo iliyoshinda, kwa kuwa ilikuwa na kashe ya L3 (kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa yenyewe) ya megabaiti 96, mara tatu ya mwenzake. Data ikiwa karibu, prosesa haikai bure ikiingoja RAM.

Jina lisome tarakimu kwa tarakimu. Namba ya Ryzen 5 7520U inaanza na 7, unadhani ni mpya. Tarakimu ya tatu, 2, inakuambia ni Zen 2, usanifu wa AMD wa 2019. Katika 7640U ni 4, yaani Zen 4. (Aliyebuni utaratibu huu hakuwa na haraka ya kueleweka.)

Ubao mama nunua kwa prosesa iliyopo leo. Mimi niliamini uvumi kwamba toleo lijalo lingeingia kwenye soketi (tundu la kupachikia prosesa) ileile. Likaja na soketi nyingine, na ubao wangu uko kabatini hadi sasa.

Siku prosesa ikitoka, ngoja wapimaji wasiolipwa na kampuni. Katika vipimo vyao tafuta kazi inayokuchelewesha wewe, iwe kuhariri video au kugeuza msimbo kuwa programu, usome mstari huo tu.