Kumpata MVP wa fainali za NBA asiyetarajiwa, na kumtetea kijiweni kwa hesabu

Ubishi wa MVP (mchezaji bora) wa fainali za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, huharibika mapema kwa sababu kila mtu hutaja mchezaji anayempenda, ndipo aanze kumtafutia hoja. Hapa tunakwenda kinyume: timu, kisha nafasi, kisha jina. Uwe na karatasi, kikokotoo cha simu, tovuti ya takwimu ya Basketball-Reference na marudio ya mechi nzima. Video fupi za vikapu vilivyoingia achana nazo. Zinaonyesha ufungaji tu, na tuzo hizi za kushangaza kwa kawaida hupatikana kwenye ukabaji.

Hatua ya 1: Chagua timu

Timu mbili, au tatu ukizidi sana, na ziwe zinazoweza kutwaa ubingwa kweli. Tuzo ilianza 1969, na mwaka huohuo Jerry West wa Lakers akaichukua ingawa Boston walishinda. Tangu hapo hakuna aliyeipata akiwa upande ulioshindwa. Mwaka 2015 LeBron James alikuwa na wastani wa pointi 35.8, ribaundi 13.3 na asisti 8.8, timu yake ikashindwa, akaambulia kura 4 kati ya 11 za wanahabari. Kwa hiyo anayekutajia mchezaji hatari wa timu dhaifu, mwulize kwanza timu hiyo inashindaje mechi nne zinazohitajika kutwaa ubingwa.

Hatua ya 2: Eleza kwa nini nyota wa timu hatapewa

Bila sababu hapa huna mgombea. Sababu zinazofanya kazi ni tatu. Nyota anaumia: 1980 Kareem Abdul-Jabbar wa Lakers, aliyekuwa na wastani wa pointi 33.4, hakusafiri kwenda Philadelphia kwa mechi ya 6 kwa sababu ya kifundo cha mguu, na Magic Johnson, msimu wake wa kwanza, akafunga 42. Au wapinzani wanamwekea nyota watu wawili. Au timu inagawana pointi hivi kwamba hakuna anayewazidi wenzake sana, kama San Antonio ya 2014.

Kama nyota ni mzima na anafunga 30 kila usiku, rudi hatua ya 1. Mwaka 2025 Jalen Williams wa Oklahoma City alifunga 40 katika mechi ya 5, na bado tuzo ilikwenda kwa Shai Gilgeous-Alexander aliyemaliza na wastani wa 30.3. Usiku mmoja mkubwa hubeba tuzo pale unapoangukia mechi ya kufunga hesabu. James Worthy alifanya hivyo katika mechi ya 7 mwaka 1988: pointi 36, ribaundi 16, asisti 10.

Hatua ya 3: Tafuta anayemkaba nyota wa wapinzani na huku anaachwa huru

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi hukosea. Mgombea wako anatakiwa awe na vitu viwili kwa pamoja: anakaa na nyota wa wapinzani dakika nyingi kuliko mwenzake yeyote, na anaweza kufunga kuanzia pointi 15. Kimoja tu hakitoshi. Watatu walichukua tuzo hivi. Kawhi Leonard wa San Antonio 2014 alimkaba LeBron na kufunga wastani wa 17.8, akiingiza zaidi ya asilimia 60 ya mitupo yake. Andre Iguodala wa Golden State 2015 alimkaba LeBron huyohuyo na kufunga 16.3. Jaylen Brown wa Boston 2024 alibebeshwa Luka Dončić, akafunga 20.8 na kupata kura 7, huku mwenzake Jayson Tatum, aliyemzidi pointi, ribaundi na asisti, akipata 4. Fred VanVleet wa Toronto 2019 alimsumbua Stephen Curry vilivyo, lakini Toronto walikuwa na Leonard huyohuyo, mwenye wastani wa 28.5. VanVleet alipata kura moja.

Sasa tahadhari, na usiruke hata moja.

Takwimu za "nani alimkaba nani" kwenye tovuti ya ligi zinadanganya pale timu inapobadilishana watu wa kuwakaba kila kizuizi (mshambuliaji anaposimama kumzuia mlinzi) kinapowekwa. Mlinzi anaanza na nyota, baada ya sekunde sita amepokewa na mwingine, na shambulizi linaandikwa vipandevipande. Hesabu mwenyewe. Chukua robo ya kwanza na ya nne za mechi mbili timu hizo zilipokutana, weka alama ya nani yuko mbele ya nyota wakati uamuzi unafanyika, yaani wakati wa kutupa, kupasi au kupoteza mpira. Chini ya mashambulizi 40 usiseme kitu.

Usitegemee asilimia ya mitupo iliyoingia mbele ya mlinzi wako, hasa ya pointi tatu. Kwa mechi chache hiyo ni bahati zaidi ya ukabaji. Tazama nyota anapokelea mpira umbali gani kutoka kikapu, na saa ya sekunde 24, muda wa kila shambulizi, imebaki ngapi anapotupa. Akianza kutupa zikiwa zimebaki sekunde tano kila mara, mlinzi anafanya kazi hata kama mipira inaingia.

Angalia faulo. Mlinzi mwenye zaidi ya faulo nne kwa kila dakika 36 atakuwa benchi kufikia robo ya pili akipewa nyota anayejua kuzitafuta.

Futa dakika za mwisho za mechi zilizoamuliwa kwa tofauti ya pointi 20. Futa pia mechi ambazo nyota hakucheza.

Na usifute majina ya benchi. Iguodala hakuanza hata mechi moja ya msimu wa kawaida wa 2014–15. Golden State walipokuwa nyuma 2–1, kocha Steve Kerr alimtoa Andrew Bogut na kumwanzisha yeye mechi ya 4, wakashinda tatu mfululizo. Cleveland, timu ya LeBron, walikuwa wakituma watu wawili kwa Curry, wakaamua mtu wa kumwacha ni Iguodala. Tazama basi ni nani timu pinzani itaamua kumwacha. Curry alifunga wastani wa 26 na hakupata kura hata moja.

Hatua ya 4: Pima kwa odi (viwango vya kampuni za kubeti)

Si kwa ajili ya kubeti. Ni kujua kama jina lako linashangaza kweli. Gawa 1 kwa odi. Timu yenye 4.00 ni asilimia 25. Jumlisha asilimia za timu zote. Ukipata 108, gawa 25 kwa 1.08, inabaki 23.1. Mchezaji mwenye 21.00 ni asilimia 4.76; kama jumla ya wachezaji wote ni 130, gawa kwa 1.30, inabaki 3.7. Kisha gawa 3.7 kwa 23.1, sawa na asilimia 16 timu yake ikishinda. Kosa la kawaida ni kutumia kigawanyo kimoja kwa masoko yote mawili. Jingine: kampuni huficha sehemu kubwa ya faida yake kwenye majina ya mbali, kwa hiyo hiyo 16 huenda ni ndogo zaidi.

Kijiwe kikubaliane mapema: chini ya asilimia 20 ni mshangao, juu yake ni mgombea wa kawaida. Bila mpaka huo mtabishana kuhusu neno "mshangao" hadi Juni iishe.

Hatua ya 5: Andika jina kabla ya mechi ya 1

Kwenye kundi la WhatsApp, lenye tarehe. Mechi nyingi huanza saa tisa na nusu usiku kwa saa za Nairobi na Dar es Salaam, na asubuhi kila mtu hudai alikuwa amesema.

Usimtupe mgombea kabla ya mechi ya 3. Leonard 2014 alianza na pointi 9 na 9, kisha 29, 20 na 22. Kinachomwondoa ni dakika: akishuka chini ya 30 katika mechi mbili mfululizo bila faulo kuwa sababu, kocha ameshaamua. Chana karatasi.