Fuata yai, usihesabu vifaranga tu: rekodi za kituo cha kutotolesha broila

Ukimuuliza mwenye kituo cha kutotolesha vifaranga wa broila kule Wakiso au Mukono, Uganda, kazi inaendaje, aghalabu atakupa namba moja: themanini kwa mia, au sabini na tano. Ni vifaranga waliotoka, ukigawa kwa mayai yaliyoingia. Namba hiyo inasaidia kupanga oda, lakini haisemi hasara imetokea wapi. Majogoo waliozeeka, chumba cha mayai chenye joto, umeme uliokatika usiku wa manane, treyi zilizogoma kugeuka: vyote huishusha namba ile ile. Asiyevitenganisha humwita fundi wa mashine, kumbe kasoro iko bandani kwa kuku wazazi, waliotaga mayai hayo.

Kazi inaanzia kwenye kikaratasi cha treyi. Kiandikwe kundi la wazazi na umri wao kwa wiki, tarehe ya kutagwa, tarehe na saa ya kuingia mashineni, namba ya mashine na mahali treyi ilipokaa: juu, katikati au chini. Kikaratasi hicho kiambatane na mayai hadi yanapohamishiwa hacha, yaani mashine ya siku za mwisho ambamo vifaranga hutoka, na kiendelee hadi kwenye visanduku vya vifaranga. Kamwe usichanganye makundi mawili kwenye treyi moja. Ukifanya hivyo habari imepotea papo hapo, na hakuna hesabu itakayoirudisha.

Tarehe ya kutagwa ndiyo inayorukwa zaidi, nayo ina gharama. Mayai yaliyokaa hadi siku saba kwenye nyuzi 18 hivi hayana shida. Baada ya hapo, kila siku inayoongezeka hupunguza utotoaji kwa kama asilimia nusu hadi moja, na huchelewesha kutotoa kwa kama saa moja. Ndiyo maana mayai ya siku tatu na ya siku kumi yakiingia saa ile ile hayatoki pamoja: wa kwanza wanakauka na kukosa maji ndani ya hacha huku wale wa mwisho bado wanadonoa ganda. Andika pia joto la chumba cha mayai asubuhi na mchana. Chumba kisichopozwa mjini Kampala hupita nyuzi 24 mchana bila taabu, na kuanzia nyuzi 21 hivi kiinitete, yaani kifaranga anayeanza kuumbika ndani ya yai, huanza kukua polepole, usiku kinasita, kesho kinaanza tena. Hicho hakifiki mbali.

Sasa tazama hesabu hii ya mfano. Umeingiza mayai 4,800, nusu kutoka kundi A la wiki 35, nusu kutoka kundi B la wiki 58. Wametoka vifaranga 3,816, yaani asilimia 79.5. Ukiishia hapo utasema mashine ni ya wastani. Lakini vikaratasi vinaonyesha kundi A limetoa 2,064, sawa na asilimia 86, na B 1,752, sawa na asilimia 73. Ukapasua mayai meupe, yaani yasiyoonyesha kitu ndani yakimulikwa kwa tochi, na kukuta yasiyo na mbegu kabisa ni 96 kwa A na 336 kwa B. Toa hayo, kisha gawa upya: A ni 2,064 kwa 2,304, karibu asilimia 90, B ni 1,752 kwa 2,064, karibu asilimia 85. Pengo la pointi 13 limebaki pointi 5. Sehemu kubwa ya hasara ya B ilitoka kwa majogoo, na hakuna kitufe cha mashine kinachoweza kuirekebisha. Pengo lililobaki ndilo la kufuatilia kwenye ganda, kwenye kuhifadhi na kwenye kuatamia.

Hesabu hiyo haipatikani bila kupasua mayai, na hapa wengi hukosea. Yai linaloonekana jeupe kwenye tochi siku ya 10 si lazima liwe halina mbegu. Livunje upande butu, palipo na kifuko cha hewa, uangalie juu ya kiini. Lisilo na mbegu lina doa dogo jeupe, zito, lenye kingo zisizo sawa. Lililokuwa na mbegu likafa mapema lina duara pana zaidi, jeupe kama pete, au utando wa rangi ya maziwa uliotanda juu ya kiini. Lililofikia siku ya tatu au ya nne huacha pete ya damu; la siku ya tano na kuendelea lina jicho jeusi linaloonekana wazi. Ukiyaweka yote kwenye fungu la "hayana mbegu" utauza majogoo wazima na kuacha chumba cha mayai kikiendelea kuua.

Siku ya kutoa, chukua angalau treyi nne za kila kundi, upasue yote yaliyobaki na kuyagawa: yaliyokufa wiki ya kwanza, siku ya 8 hadi 17, siku ya 18 hadi 21, waliodonoa wakashindwa kutoka, na yaliyooza. Vifo vingi vya wiki ya kwanza huelekeza kwenye kuhifadhi, kusafirisha au joto la mwanzo. Vifo vya katikati kwa kawaida ni vichache. Vikipanda, chunguza lishe ya wazazi, uchafu na mayai yenye nyufa. Vifo vya mwisho huelekeza kwenye kugeuza, unyevu, hewa au joto kupita kiasi. Kifaranga mwenye kichwa kwenye ncha nyembamba ya yai hukuuliza kama treyi ilipangwa kichwa chini, kwa hiyo usimtupe kabla ya kumwandika.

Unyevu upime kwa mizani, usitegemee kioo cha mashine peke yake. Mfano, treyi tupu ina gramu 900. Ikiwa na mayai 88 ina 6,356, hivyo mayai ni gramu 5,456. Siku ya 18 treyi ina 5,700. Zimepotea 656, asilimia 12, na hapo uko salama, kwa kuwa lengo ni 11 hadi 13. Asilimia hiyo ya maji yaliyopotea ikiwa ndogo mno, vifaranga hutoka wazito, wamevimba tumbo, na kitovu hakifungi. Ikizidi, wanakauka na kunata kwenye ganda. Teua treyi tatu za mizani, ya juu, ya kati na ya chini, usiondoe mayai meupe humo hadi siku ya 18, la sivyo hesabu inavurugika. Na kwa kuwa Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na Kabale juu zaidi, yai hupoteza maji haraka kuliko pwani. Namba ya unyevu iliyo kwenye kitabu cha mashine ichukue kama mwanzo tu.

Kila saa mtu wa zamu aandike joto, unyevu na upande ambao treyi zimelala. Upande ukijirudia saa mbili mfululizo, kugeuza kumesimama. Joto alisome pia kwenye kipimajoto cha pembeni kilichohakikiwa. Umeme ukikatika, aandike saa ulipokwenda, saa jenereta ilipowaka na umri wa mayai yaliyomo. Umri ndio unaoamua la kufanya: mayai ya wiki ya kwanza yafungiwe milango yasipoe, lakini ya siku ya 15 na kuendelea yanazalisha joto lake yenyewe, na feni zikisimama yanajipika. Hayo yafunguliwe milango.

Kwenye kutoa, pima vifaranga 100 wa kila kundi. Uzito wao uwe asilimia 67 hadi 68 ya uzito wa yai lilipoingia. Wakiwa chini ya hapo, walitoka mapema au walichelewa kutolewa. Hesabu wazima, vilema na waliokufa kila mmoja peke yake, na wale vifaranga wawili wa nyongeza wanaowekwa kwenye kila kisanduku cha mia waingie kwenye hesabu, maana nao wametoka kwenye mayai.

Oda nazo zihesabiwe kinyumenyume kwa asilimia za kundi husika. Mteja wa Masaka anayetaka kuuza kuku wa siku 38 tarehe 20 Desemba anahitaji vifaranga tarehe 12 Novemba, na mayai yake yaingie mashineni tarehe 22 Oktoba. Akitaka 3,000 kutoka kundi linalotoa 80 kwa mia, weka 3,750.

Siku ya saba mpigie simu, uandike waliokufa pembeni ya namba ya kundi lao na hacha yao. Vifo vikipita asilimia 1, muulize kwanza joto la banda na maji ya siku ya kwanza. Wateja watatu wa maeneo tofauti wakilalamikia hacha ile ile, jibu liko kwako: kagua usafi wake kabla hujaingiza mayai mengine.