Somo: Kupima mkondo wa umeme kwa faiba na mwanga

Wakuu, mwaka 1845 Michael Faraday aligundua kwamba sumaku hugeuza uelekeo wa mtetemo wa mwanga unaopita ndani ya kioo, yaani polaraizesheni yake. Waya wenye mkondo una sumaku yake. Basi uzungushie faiba (uzi mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga), pima mgeuko, ampea unazo. Na kioo hakipitishi umeme, ndiyo maana kinafaa kwenye msongo mkubwa.

Hatua ya 1. Tafuta leza nyekundu ya nanomita 633 na faiba ya modi moja (inayopitisha mwanga kwa njia moja tu) ya rangi hiyohiyo. Mbele ya leza weka polaraiza, yaani kichujio kinachopitisha mtetemo wa uelekeo mmoja tu.

Hatua ya 2. Zungusha faiba mara 5, duara la sentimita 30. Hapa wengi huharibu: wanabana duara na kuongeza mizunguko wakidhani wanapata zaidi. Faiba ikipinda hujikaza ndani, na mkazo huo nao huvuruga polaraizesheni. Ongeza mizunguko ya shaba, siyo ya kioo. Mimi napitisha waya mara 100 katikati ya duara, ampea 10 kutoka transfoma ya volti 24. Usiunge moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani!

Hatua ya 3. Gandisha faiba yote kwa utepe. Ikitikisika, unapima upepo wa feni.

Hatua ya 4. Mwishoni weka prizimu inayogawa mwanga kwa polaraizesheni, na fotodaiodi mbili (vihisi vinavyogeuza mwanga kuwa umeme), moja kwa kila mwanga uliogawanywa. Izungushe mpaka zilingane bila mkondo. Kisha washa, toa moja kwa nyingine, gawa kwa jumla yake.

Hesabu: mizunguko 5 ya faiba × 1000 (waya mara 100 × ampea 10) × 0.0000046 (radiani ambazo kioo hugeuza kwa kila ampea na kila mzunguko, kwa mwanga huu) = radiani 0.023, kama digrii 1.3. Jibu la mgawanyo ni mara mbili yake, 0.046, pungufu kidogo kwa sababu ya kule kupinda.

Siku ya kwanza niliona wimbi safi la hezi 50, nikaita watu. Nikaziba leza kwa kadi, wimbi likabaki palepale! Kumbe nyaya za fotodaiodi zilikuwa zinanasa sumaku ya koili. Ziba leza kwanza, ndipo ushangilie.

MASWALI

Mkuu, shukrani. Nina vipande vya faiba ya intaneti, vinafaa?
— Kwa mwanga mwekundu hapana, modi zitakuwa nyingi na polaraizesheni itachanganyika. Tumia leza ya nanomita 1310, ila mgeuko unabaki takribani robo. Na mwanga huo hauonekani, linda macho.

Inapima DC (mkondo wa uelekeo mmoja)?
— Ndiyo, tofauti na transfoma ya mkondo (kile kipimo cha kawaida cha koili). Viwanda vya alumini hupima hivyo mamia ya maelfu ya ampea. Mezani kwako joto litakusumbua, anza na AC (mkondo unaogeukageuka).

Waya mwingine ukipita jirani, nje ya duara?
— Hauhesabiki, ilimradi mwanzo na mwisho wa mzunguko wa faiba vikutane. Ukiacha pengo, nao utaingia kwenye kipimo.