Kumwandaa mgonjwa wa kiharusi aliyepooza mkono kwa tiba ya sumaku

Tiba ya kusisimua ubongo kwa sumaku, ambayo chombo chake kilianza kutumika mwaka 1985 mjini Sheffield, Uingereza, kwa kazi ya Anthony Barker na wenzake, haiuponyi mkono uliopooza peke yake. Huuweka ubongo tayari kujifunza, na kujifunza kwenyewe ni mazoezi. Kwa hiyo familia isifunge safari kutoka Kondoa au Mpwapwa kuja Dodoma mjini kabla ya kupiga simu hospitalini na kuuliza mambo mawili: iwapo mashine hiyo ipo, na iwapo mgonjwa atafanyishwa mazoezi ya mkono mara tu anapotoka kwenye mashine.

Siku ya kwanza mwelezeni daktari bila kuficha kama mgonjwa amewahi kupata kifafa au degedege, kama ana chuma chochote kichwani, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa au betri ya moyo, na mpeni orodha ya dawa zote anazotumia, zikiwamo za miti shamba. Dawa za shinikizo la damu zisikatishwe.

Jambo linalowashtua ndugu wengi ni kuona koili, yaani kile kipande cha mashine kinachotoa mipigo ya sumaku, ikiwekwa upande wa kichwa usioumia. Pande mbili za ubongo hudhibitiana, na baada ya kiharusi ule mzima unaweza kuukandamiza mwenzake. Hivyo mgonjwa aliyepooza mkono wa kulia, ambaye kiharusi chake kiko kushoto, anaweza kupigwa mipigo ya polepole upande wa kulia ili upande huo utulizwe. Mipigo ya haraka, inapochaguliwa, huelekezwa upande ulioumia ili kuuamsha.

Mgonjwa huketi akiwa macho, amezibwa masikio, kwa sababu mashine hulia kama ukucha unaogonga meza. Mtaalamu husogeza koili kidogo kidogo mpaka kidole gumba kiruke chenyewe, na hapo ndipo anapopimia nguvu ya kutumia. Mpigo mmoja kwa sekunde kwa dakika 20 hufanya mipigo 1,200. Kichwa kinaweza kuuma kidogo baadaye. Degedege hutokea kwa nadra sana, lakini ndilo linalofanya tiba hii isifanyike pasipo mtaalamu.

Nyumbani, mkono unaofunguka kidogo tu uanze kufuta meza kwa kitambaa. Vidole vikianza kushika, mwekeeni bakuli la karanga zenye maganda, azibangue moja moja kwa kidole gumba na cha shahada, hata akitumia nusu saa kwa karanga za kujaa kiganja kimoja. Msimbangulie, hata akichelewa. Huruma hiyo humnyima mkono. Wala msimwinue kwa kumvuta mkono uliopooza, kwani bega lililolegea huteguka kwa urahisi: mshikeni kiunoni.