Jinsi ya kuangalia muvi yenye stori nyingi zinazokatana bila kupotea

Watu wengi wakianza muvi ya hivi, dakika ya ishirini tu wameshauliza "sasa steringi nani hapa?" na hapo ndo wanapopotea, maana tumezoea steringi hafi, ukishamjua unamfuata mpaka mwisho. Huku hakuna steringi. Kuna tukio, watu wote wanalizunguka, kazi yako ya kwanza ni kulitafuta.

Anza na Amores Perros ya Mexico, ya mwaka 2000, kaiongoza Alejandro González Iñárritu, stori kaandika Guillermo Arriaga. Ni ndefu, masaa mawili na nusu na ushee, ya Kihispania, kwa hiyo simu weka mbali kabisa, usiposoma yale maandishi ya chini umeachwa. Inafunguka gari linakimbizwa ndani ya Mexico City, mbwa anavuja damu kiti cha nyuma, mara paa, ajali. Hiyo ajali ndo fundo lenyewe. Itarudi tena na tena kutoka upande wa mtu mwingine, na kila ikirudi jiulize mambo mawili tu, sasa hivi niko na nani, na hapa ni kabla ya ajali au baada?

Usimkodolee anayeongea peke yake, angalia na wanaopita nyuma. Kuna mzee mmoja wa madevu anasukuma mkokoteni, mbwa wanamfuata, unamwona mapema unadhani mpita njia tu, kumbe sehemu ya tatu yote ni yake.

Halafu fuata kitu. Yule mbwa wa kiti cha nyuma, Cofi, kijana Octavio alikuwa anampiganisha kwa hela, ajali ikampeleka kwa yule mzee, na alichokuja kufanya kule sikumalizii, ila mimi nilisimamisha muvi nikakaa kimya muda mrefu.

Ukizoea, hamia Babel ya 2006, mwongozaji huyo huyo. Hapo kitu ni bunduki, risasi inapigwa Morocco, mambo yanafika mpaka Japani na mpakani mwa Mexico na Marekani. Hii ngumu zaidi, muda umevurugwa na hakuna anayekwambia. Mwanzoni yaya Amelia anapokea simu ya baba wa watoto, mwishoni kabisa ndo unamwona baba mwenyewe yuko hospitali Morocco anapiga simu ile ile, yaani mambo ya Amelia kule Mexico yote uliyodhani yanaenda sambamba na ya Morocco yalikuja baada! Kwa hiyo sikiliza simu, angalia na taarifa ya habari kwenye tivii za watu, ndo saa yako hiyo.

Ukipotea usirudishe nyuma kila dakika, vumilia mpaka fundo litokee tena. Ila kama stori zimegusana na hakuna aliyebadilika hata kidogo, hiyo muvi mbovu, usijilaumu, zima.

Amores Perros irudie baada ya wiki. Safari hii utamjua yule mbwa wa kiti cha nyuma toka sekunde ya kwanza.