Jinsi ya kutoa bismuthi kwenye risasi ya skrepu

Wakuu mnaoyeyusha risasi (ile metali, lead) hapa Dodoma, kabla hujawasha moto peleka sampuli GST, yaani Taasisi ya Jiolojia Tanzania, si wapo hapa hapa mjini, wakupimie bismuthi, metali nyingine iliyochanganyika humo, ni asilimia ngapi na aseniki na antimoni zimo kiasi gani. Bila hizo namba unachoma mkaa bure.

Viwandani wanatumia njia ya Betterton-Kroll. Kwanza risasi isafishwe shaba, aseniki, antimoni, bati na fedha, bismuthi inakuja mwishoni kwa sababu ndo king'ang'anizi, ukipuliza hewa risasi inaungua kabla yake. Sasa hiyo risasi safi inapandishwa nyuzi 420 hivi za Selsiasi, inatiwa kalsiamu na magnesiamu, inakorogwa vizuri, zile mbili zinaikamata bismuthi zinakuwa kitu kimoja kigumu chepesi kuliko risasi, halafu moto unapunguzwa taratibu mpaka karibu na 327 ambapo risasi inaganda, hapo hicho kigumu kinakuwa utando unaopanda juu wenyewe, unauengua kwa upawa wa matundu. Usiharakishe kupooza, uvumilivu wa hapa ndo unaamua umepata nini.

Huo utando una risasi nyingi bado. Wanauyeyusha tena na kupitisha klorini, inaanza kutoa kalsiamu na magnesiamu, kisha kwenye nyuzi 500 hivi inaondoa na risasi, bismuthi inabaki, wanamalizia na kostiki soda. Hatua ya klorini naomba sana usiifanye uani kwako, hiyo gesi inaua, ishia kwenye utando na umuuzie mwenye kiwanda chenye kibali.

Utando wenyewe uweke pakavu kabisa. Kama aseniki au antimoni ilibaki, ukilowa unatoa gesi ya sumu isiyo na rangi, kwa hiyo mvua zetu za Desemba mpaka Machi zisikukute umeuacha nje kwenye kiroba. Na nguo za kazini usiende nazo nyumbani jamani, vumbi la risasi linaharibu ubongo wa watoto na hawaponi.

Ukija kupata bismuthi yenyewe utaijua, nyeupe yenye wekundu kwa mbali, inavunjika ukiigonga, inayeyuka kwenye 271. Ikiganda inatanuka asilimia 3 na kitu, yaani kinyume na metali nyingi, kwa hiyo imimine kwenye kalibu iliyo wazi juu na yenye mdomo mpana, ukiifungia itapasua kalibu.