SOMO: Chotara wa oki akiwa mchawi, na jamii nyingine zisizoendana na fani

Wakuu wa Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kurusha dadu), naandika hili mara moja ili nisiandike tena. Kila wiki kuna mtu ananifuata faraghani: "Naweza kumfanya chotara wa oki awe mchawi?" Unaweza. "Si atakuwa dhaifu?" Kidogo, na hapa nitakuonyesha hicho kidogo ni kiasi gani. Kuanzia leo nikiulizwa natuma kiungo tu.

Tukubaliane maneno kwanza. Jamii ni alivyozaliwa mhusika wako: binadamu, elfi, dwafu, oki. Fani ni kazi aliyojifunza: mchawi, mpiganaji, kasisi, malenga. Kanuni ninazotumia ni za toleo la tano, kitabu cha 2014. Majina ya spelli (matendo ya kichawi) nayaacha yalivyo kitabuni ili uyapate haraka.

Hatua ya 1. Muulize msimamizi wa mchezo kama anakubali. Akikataa, somo limeishia hapo.

Hatua ya 2. Chagua fani kwanza, jamii baadaye. Fani utaitumia kila zamu, jamii utaikumbuka mara mojamoja.

Hatua ya 3. Kugawa alama: una namba sita, 15, 14, 13, 12, 10 na 8, za kugawia Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Busara na Mvuto. Kaa vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Chotara wa oki anapewa +2 ya Nguvu na +1 ya Ustahimilivu. Mchawi naye anaishi kwa Akili. Mara yangu ya kwanza nilijiambia nyongeza ya bure haitupwi, nikaweka 15 kwenye Nguvu ikawa 17, Akili ikaambulia 13. Nikajiona nimepata mtu wa kupiga fimbo kwa mkono mmoja na kurusha moto kwa mwingine. Pambano la kwanza nikaenda mbele kabisa na pointi zangu 8 za uhai. Goblini wawili wakanizunguka, pigo la kwanza, pigo la pili, nikafika sifuri. Ile sifa ya chotara wa oki ya kukataa kuanguka ikanibakiza na pointi moja. Mtu mwenye akili timamu angerudi nyuma. Mimi nikainua fimbo, kwa sababu ile 17 ilikuwa inanikodolea macho pale kwenye karatasi. Dadu ikalala kwenye 4. Zamu ikarudi kwa goblini.

Kasisi wetu aliniinua. Pambano la pili akaniinua tena. La tatu akauliza kama nina mpango wowote wa kucheza nikiwa nimesimama.

Sasa hesabu. Kiwango ambacho adui anatakiwa akifikie ili ajinusuru na spelli yako ni 8, jumlisha nyongeza ya ustadi (2 katika ngazi ya kwanza), jumlisha nyongeza ya Akili. Kwa Akili 13, ambayo nyongeza yake ni +1, nilipata 11. Mchawi wa jamii ya nomu aliyeweka 15 na kupewa +2 na jamii yake ana 17, yaani nyongeza ya +3, kwa hiyo kiwango chake ni 13. Nilimwacha adui na nyuso mbili zaidi za kujiokoa kwenye dadu ya pande ishirini. Ningeweka Akili 15 (nyongeza +2) tofauti ingekuwa uso mmoja. Uso mmoja kati ya ishirini: huo ndio udhaifu mnaouogopa. Kilichoniua mimi ni kutaka kuwa watu wawili.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalioni. Nyongeza inayotokana na alama hupanda kwenye namba shufwa tu. Ukianza na Akili 15 na kuiongezea mbili katika ngazi ya 4 na ya 8, utapita 17 na 19, yaani +2, +3, +4. Ukianza na 14 utapita 16 na 18: +2, +3, +4 vilevile. Ngazi ya 12 wote mnafika 20. Kwa hiyo ile 15 usiiweke kwenye Akili. Iweke kwenye Ustahimilivu, jamii iongeze moja, iwe 16. Mgao wangu wa sasa: Ustahimilivu 15, Akili 14, Wepesi 13, Busara 12, Mvuto 10, Nguvu 8. Nguvu itapanda yenyewe hadi 10. Unaanza na pointi 9 za uhai, na mchawi wa ngazi ya kwanza mwenye 9 si wa kuchekwa.

Tahadhari, na hizi zisomwe:

Sifa ya kukataa kuanguka hutumika mara moja, hadi upate mapumziko marefu. Usiijengee mbinu.

Haikuokoi ukiuawa papo hapo, yaani yale madhara yanayozidi baada ya kufika sifuri yakilingana na uhai wako wote au kuupita. Ukiwa na uhai 9 hilo haliko mbali.

Ile dadu ya ziada ya madhara anayopewa chotara wa oki pigo likiwa kamili (ukirusha 20) ni ya silaha ya ana kwa ana pekee. Haigusi spelli. Isahau kabisa, usije ukaifuata mbele kama nilivyofanya.

Kama meza yenu inatumia kitabu cha nyongeza cha 2020, mnaruhusiwa kuzihamisha nyongeza za jamii kwenda alama nyingine. Kitabu cha 2024 kimeziondoa kabisa kwenye jamii na kuzipeleka kwenye usuli wa mhusika. Humo chotara wa oki hayumo, yumo oki mwenyewe. Wa huko hatua hii hamuihitaji, na nawaonea wivu kidogo.

Hatua ya 4. Spelli. Kwa kuwa uko nyuma uso mmoja, chukua spelli zisizomuuliza adui kama amejinusuru. Magic Missile haikosi. Shield inakukinga wewe. Mage Armor pia. Find Familiar inakupa macho ya pili. Sleep, kwa kanuni za 2014, inahesabu uhai wa adui wala haimpi dadu ya kujitetea. Hizo ni tano. Unaanza na sita, ya sita chagua kwa moyo wako.

Faida halisi ya jodi hii inaonekana kwenye spelli za kushikilia umakini, zile zinazokatika umakini wako ukipotea. Ukipigwa unarusha dadu ya Ustahimilivu dhidi ya 10, au nusu ya madhara, ile iliyo kubwa. Wachawi wengi wanarusha na +1 au +2, wewe una +3. Na ukifika sifuri, mchawi mwingine amezimia na spelli yake imekatika. Wewe umebaki na pointi moja, macho wazi, na bado una haki ya kurusha. Ngazi ya 5 nilikuwa nimemshikia mpiganaji wetu Haste (spelli ya kumwongezea mwenzako kasi) nikapigwa madhara 24 nikiwa na uhai 19. Nikabaki na 1. Kiwango kilikuwa 12, nikarusha 11, jumlisha 3. Spelli ikakaa. Haste ikikatika anayeibeba hupoteza zamu nzima, kwa hiyo meza yote ilikuwa imeshika pumzi.

Hatua ya 5. Kwa nini yeye? Jibu maswali mawili: nani alimfundisha, na kitabu chake cha spelli kinafananaje. Wangu alifundishwa na bibi yake aliyekuwa mtunza hesabu za ukoo, na kitabu chake ni vipande vya ngozi vilivyofungwa mshipini, kila spelli na kipande chake. Usimfanye kichekesho cha "oki mjinga anayejidai msomi". Kichekesho hicho kina uhai wa vikao viwili, na kampeni ina vikao arobaini.

Hatua ya 6. Kacheze.

---

MASWALI

Dadu_Sita: Mkuu sijasoma yote, ni ndefu. Kwa kifupi Nguvu niweke ngapi?

Fundi_Karatasi (mleta mada): 8.

Dadu_Sita: Mbona ndogo sana kwa oki?

Fundi_Karatasi: Hatua ya 3.

Chui_wa_Mnara: Somo zuri ila sioni maana. Nomu anapewa Akili ya bure, elfi wa juu pia. Kwa nini ujitese?

Fundi_Karatasi: Hakuna anayejitesa. Uso mmoja wa dadu, nimeandika. Ukitaka nomu cheza nomu, ni mchawi mzuri. Somo hili ni la aliyekwisha kuamua.

Chui_wa_Mnara: Nimeuliza tu, kaka. Usipande.

Fundi_Karatasi: Sijapanda. Nimeulizwa hilo mara nyingi.

Binti_Ngome: Kaka, nina pingamizi kwenye hesabu ya 14 na 15. Ngazi ya 4 nikiamua kuchukua kipaji badala ya kuongeza alama mbili, kuna vipaji vinavyokuja na +1 ya Akili, Keen Mind kwa mfano. Mwenye 15 anafika 16, nyongeza inapanda hadi +3, na kipaji anacho. Mwenye 14 anafika 15 na kubaki na +2. Au nimekosea?

Fundi_Karatasi: Hujakosea, umenishika. Hesabu yangu ni ya anayeongeza Akili moja kwa moja kila nafasi. Kama unapanga kipaji cha aina hiyo, badilisha: Akili 15, Ustahimilivu 14 ambao jamii itaufanya 15. Unapoteza nyongeza moja ya Ustahimilivu, yaani uhai mmoja kila ngazi na pointi moja ya kushikilia umakini. Mimi bado nisingebadilisha, kwa kuwa umakini ndio uti wa mgongo wa jodi hii, lakini hesabu yako ni sahihi na nitaiongeza juu.

Mtoto_wa_Dhoruba: Mimi nataka halflingi (wale watu wafupi) babariani (mpiganaji wa hasira) mwenye shoka kubwa. Naanzia wapi?

Fundi_Karatasi: Swali zuri, na lina mtego wake. Kwa kanuni za 2014, jamii yenye umbo dogo ikishika silaha nzito hushambulia kwa hasara: dadu mbili, unachukua ndogo. Shoka kubwa ni silaha nzito. Kuanzia ngazi ya 2 babariani anaweza kushambulia bila kujali, anapata faida, na faida na hasara zinafutana. Ila maadui nao wanapata faida dhidi yako na hakuna kinachoifuta. Umelipa bei yote ukarudi sifuri.

Chukua shoka la vita la kawaida ulishike kwa mikono miwili. Si zito, na linapiga d10, yaani dadu ya pande kumi. Alama: Nguvu 15, Wepesi 14 unakuwa 16, Ustahimilivu 13 unakuwa 14 ukichukua halflingi wa aina ya stout. Kinga (namba ambayo adui anatakiwa aifikie ili akupige) ya babariani asiye na vazi ni 10 na nyongeza za Wepesi na Ustahimilivu, unapata 15 ukiwa kifua wazi. Usishawishike kupiga kwa Wepesi, maana madhara ya ziada ya hasira yanataka shambulio la Nguvu. Na bahati ya halflingi, ukirusha 1 unarudia. Babariani anarusha dadu nyingi, utaiona mara nyingi.

Kama mnacheza kanuni za 2024, silaha nzito haiangalii tena ukubwa wa mwili, inataka Nguvu 13. Beba shoka lako.

Mtoto_wa_Dhoruba: Nimenakili yote. Asante sana mkuu.

Upanga_Butu: Tuma PDF.

Fundi_Karatasi: Hapana.

KobeMkavu: Nachangia upande wa mtu-kobe mchawi. Gamba lake ni kinga 17 tangu ngazi ya kwanza, havai chochote. Mage Armor usiichukue, ni 13 na nyongeza ya Wepesi, haitakusaidia. Umeokoa nafasi kitabuni.

Fundi_Karatasi: Kweli kabisa. Jirani yake ni dwafu wa mlimani: anazaliwa na ustadi wa mavazi mepesi na ya kati, na mwenye ustadi wa vazi anaruhusiwa kutumia spelli akiwa amelivaa. Mchawi mwenye magamba ya chuma, kinga 14 na Wepesi hadi 2. Watu huwa wanafungua kitabu kuhakikisha.

Binti_Ngome: Nilisikia zamani kuoanisha jamii na fani hivi kulikuwa kumekatazwa kabisa. Ni kweli?

Fundi_Karatasi: Kweli. Mchezo ulipotoka 1974 dwafu alikuwa mpiganaji tu, na hakuruhusiwa kupanda ngazi bila kikomo. Kitabu cha mchezaji cha 1978 ndicho kilichomleta chotara wa oki kati ya jamii za kuchagua, lakini uchawi wa kitabu hakuruhusiwa, na paladini (fani ya shujaa mtakatifu) alikuwa binadamu peke yake. Katika seti ya 1981 dwafu, elfi na halflingi zilikuwa fani zenyewe, hakukuwa na cha kuoanisha. Milango ilifunguliwa na toleo la tatu, 2000. Mhusika wangu asingewezekana kwenye meza ya 1978.

Binti_Ngome: Basi bibi yake mtunza hesabu alivunja sheria. Swali la mwisho: hivyo vipande vya ngozi vikichomwa moto, au vikiibwa?

Fundi_Karatasi: Tengeneza nakala mapema. Kunakili spelli yako mwenyewe kwenda kitabu cha pili ni saa moja na vipande 10 vya dhahabu kwa kila ngazi ya spelli. Ya mtu mwingine ni saa mbili na vipande 50, kwa hiyo usingoje upotelewe. Nakala usiibebe wewe. Yangu iko kwa kasisi.

Binti_Ngome: Yule aliyekuwa anakuinua?

Fundi_Karatasi: Huyo huyo. Anadai ushuru.